Fundi Guan na Masizi ya Nyumba ya Saba

Guan Shouyi hakupata kusifu kitu maishani mwake mpaka alipofika umri wa miaka sitini na minne, na hicho alichokisifu kilikuwa kimefukiwa ardhini miaka mia nane. Vilivyo juu ya ardhi alikuwa amekwisha kuvisonya vyote. Ukipita mbele yake na kofia mpya, atabetua midomo. Ukimkaribisha supu, atainusa kwanza, kisha atainywa yote na kusema chumvi imewekwa na kipofu. Hata mazishini, watu wakilia, yeye huangalia misumari ya jeneza na kutikisa kichwa.

Kijiji chetu, Xiaochengzi, kimekaa ndani ya ukuta wa mji wa kale kama kuku aliyeatamia kwenye kofia ya mtu. Mji waliujenga Wajurchen, wenyeji wa zamani wa huku, wakaja Wamongoli wakauchoma, na sisi tukaja baadaye tukapanda mahindi. Ukuta wenyewe siku hizi ni tuta refu la udongo ambalo mbuzi hulipanda zaidi kuliko watu. Hakuna aliyejali kilicho chini. Tulikuwa na shughuli.

Kazi ya Guan, na ya baba yake kabla yake, ilikuwa kujenga kang. Baridi ya kwetu hupasua mitungi ya kabichi, kwa hiyo mtu hula, hulala, huzaa na hufa juu ya kang, kile kitanda cha matofali na udongo kinachomeza nusu ya chumba, moto wa jikoni ukipita tumboni mwake kwenye mifereji na moshi kutokea kwenye dohani upande wa pili. Kang mbovu hukurudishia moshi puani. Kang ya Guan haikurudisha moshi hata siku moja, na hilo lilimharibu. Mtu anayejua kitu kimoja vizuri mno huanza kudhani wengine wote ni wapumbavu.

Alipooa, kang ya chumba cha maharusi ilijengwa na ami yake, zawadi ya ndoa. Kesho yake asubuhi bibi harusi, Luan Guizhi, aliamka akamkuta mumewe ndani ya suruali ya harusi, nyundo mkononi, anabomoa.

"Unafanya nini wewe?" akauliza Guizhi.

"Ami amejenga hii au ametapika? Tazama mteremko! Moshi utapandaje hapa, kwa ngazi?"

Ami hakusema naye miaka tisa. Guizhi alisema naye, na hajanyamaza mpaka leo, maana huyo mwanamke ulimi wake nao hauna mfupa.

Wachimbaji wa mambo ya kale walipokuja mara ya kwanza kutoka chuo kikuu cha mjini, Guan alikuwa kijana. Walitafuta vibarua, wakagundua kwamba huyu mkono wake ni mwepesi kwenye mwiko, na kwamba akigonga udongo husikia kwa mlio kama hapa ni sakafu au ni kifusi. Tangu hapo kila kiangazi walimwita. Aliwachimbulia nyumba, tanuri, lango la kusini na kisima. Aliwaona maprofesa wakija na nywele nyeusi na kuondoka na vipara. Wote aliwadharau sawasawa, bila upendeleo.

"Wanachora shimo siku nne," alikuwa akisema, "shimo ambalo nimelichimba asubuhi moja. Halafu wanalipima tena, wasije wakakuta limekimbia."

Vitabu vilitoka, vinene, sita. Kila kimoja alikichambua ukurasa kwa ukurasa akitafuta jina lake, ingawa angekufa kabla ya kukiri. Kila kimoja kiliandika "vibarua wa kijiji" na kuendelea na mambo mengine. Basi vyote sita akavisukumiza chini ya kabati lililokuwa na mguu mfupi, na kabati likatulia. Akasema hatimaye wasomi wamefanya kazi ya maana.

Mwaka ninaousimulia, mkuu wa uchimbaji alikuwa Profesa Jiang, bwana mrefu mwenye sauti ya redio, anayekuja kwa gari mara moja kwa juma kusimama ukingoni mwa shimo na kunyoosha kidole. Mwanzoni mwa kiangazi alimshika Guan bega mbele ya watu wote.

"Fundi Guan, safari hii jina lako litaingia kitabuni. Ukurasa wa kwanza, pamoja na waliochimba. Nakuahidi."

"Mtaandika mnachotaka," Guan akajibu, akakunja uso. Lakini tangu siku ile akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi, na hapakuwa na mtu Xiaochengzi, hata muuza tofu, ambaye hakuambiwa habari ya ukurasa wa kwanza, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa nayo.

Nyumba ya saba ya ule mji wa kale ilikabidhiwa mwanafunzi mmoja, Ou Wenjing, binti wa kusini, kule ambako watu hulala juu ya mikeka na kulalamika joto. Guan alimwona hamnazo tangu siku ya kwanza.

"We binti, huo ni mwiko, si kijiti cha kulia wali. Unaupapasa udongo, kwani unauogopa?"

"Nisamehe, Babu Guan. Hivi?"

"Hivyo ni vibaya zaidi. Haya, endelea, angalau utaharibu polepole."

Binti alicheka. Hilo Guan hakulitegemea, maana wengi hulia au hununa. Akasonya, akaenda upande wa pili wa shimo kuchimba mwenyewe.

Na huko ndiko alikoikuta kang. Ilikunja kona kufuata kuta mbili, mifereji miwili ubavu kwa ubavu, mawe bapa juu yake bado yamekaa. Walipoyapiga picha na kuyainua, Guan alilala kifudifudi, shavu chini, akatazama ndani ya mfereji jicho moja limefumba. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Wenjing akadhani amezimia.

"Babu Guan? Una nini?"

"Nyamaza."

Mteremko ulikuwa sawa. Penye kona, pale mafundi wote wanapoharibu, pale hata baba yake mwenyewe alikuwa akiharibu kidogo, huyu mtu wa miaka mia nane iliyopita alikuwa amezungusha matofali taratibu, kila moja limekatwa upande, ili moshi usigonge ukuta. Guan akapitisha kidole, akatafuta kosa. Akatafuta tena. Hakuna.

"Huyu," akasema mwishoni, kwa sauti ambayo Guizhi angeisikia angeita mganga, "huyu alikuwa fundi."

Sasa Wenjing alikuwa na haja yake na ile kang. Ndani ya mifereji mlikuwa na masizi mazito, meusi, yaliyokauka, na hayo masizi ndiyo yaliyokuwa utafiti wake wote. Mji ulichomwa, lakini hakuna aliyejua ulichomwa majira gani. Kama angejua watu walichoma nini jikoni siku ya mwisho, angejua waliondoka masika au vuli au kipupwe. Alimweleza Guan kwamba kesho kutwa vikopo vya sampuli vitafika kutoka mjini, na kwamba mifereji isiguswe. Bahati mbaya alianza maelezo kwa neno refu la kitaalamu, na Guan huacha kusikiliza kwenye neno refu la kwanza. Aliweka pia kikaratasi: USIGUSE. Lakini wasomi hubandika vikaratasi kila mahali, na miwani ya Guan ilikuwa nyumbani.

Kesho yake mchana, watu walipokwenda kula na kujilaza kivulini, Guan alibaki ukingoni mwa nyumba ya saba akiitazama kang. Jambo moja lilimkera. Ilikuwa chafu.

Kwetu, kuacha kang na masizi ni aibu ya nyumba nzima. Kila vuli unainua tofali, unakwangua mifereji, unafagia, ndipo uwashe moto wa kipupwe. Na hapa palikuwa na fundi aliyejenga kitu kisicho na dosari, halafu profesa atakuja na wageni wenye kamera waone mifereji imejaa uchafu, waseme Wajurchen walikuwa wachafu, kama wanavyopenda kusema. Guan asingevumilia. Fundi mwenzake asitiriwe. Akateremka na mwiko na kifagio kidogo, akakwangua mifereji yote miwili kuanzia mdomo wa jiko mpaka ukutani, taratibu, kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuuona. Kitu pekee alichokitenda kwa heshima maishani mwake ndicho kilichoharibu kazi ya miezi mitatu.

Masizi yalijaza ndoo. Masizi ya kang hayatupwi, kila mtu anajua, ni mbolea. Alirudi nayo nyumbani akayamwaga kwenye tuta la kabichi, zile za kuchachusha kwa ajili ya kipupwe, akayamwagia maji.

Asubuhi iliyofuata Wenjing aliingia shimoni na vikopo vyake, akaona mifereji inang'aa. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, vikopo mapajani, akaanza kulia kimya kimya.

"Umeumwa na nyuki?" Guan akauliza kutoka juu.

"Masizi, Babu. Mtu amechukua masizi yote."

"Unalilia masizi? Nyie watu wa kusini mna machozi ya bure! Njoo kwangu kipupwe nitakupa gunia."

"Hayakuwa masizi tu. Ndiyo kazi yangu yote. Profesa anakuja kesho, na nyumba hii iko chini ya jina langu. Atanifukuza."

Guan akaitazama ile mifereji aliyoifagia. Alikuwa ameelewa. Akaenda kuchimba mwisho wa uwanja, peke yake, na siku nzima hakumdharau mtu yeyote. Vibarua wenzake wakaulizana kama ni mgonjwa.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Hakuna aliyemwona. Akinyamaza, jina lake litakwenda ukurasa wa kwanza, na binti atarudi kwao. Akisema, binti atabaki, na ukurasa wa kwanza ameukosa, maana nani ataliandika jina la mzee aliyefagia nyumba ya saba kwa kifagio? Miaka karibu arobaini shimoni. Na huyu mtoto hata mwiko hajui kuushika! Alijaribu kumdharau vya kutosha ili aweze kunyamaza. Alikaribia kufaulu.

Jioni Guizhi aliweka mezani viazi na maharage, akamtazama.

"We mzee, huli?"

"Viazi vibichi."

"Viazi vimeiva. Yale masizi ya jana uliyatoa wapi?"

Guan akatafuna.

"Nakuuliza. Dohani yetu hujaigusa. Ndoo umekuja nayo kutoka kule kwa wasomi. Na leo mke wa muuza tofu anasema yule binti mwembamba amelia mpaka macho yamevimba, eti ameibiwa masizi." Akaweka vijiti chini. "Guan Shouyi. Umefagia kang ya watu waliokufa?"

"Ilikuwa chafu."

"Nyumba hii ina utando wa buibui juu ya kichwa chako tangu mwaka mpya! Huo hujauona! Umebomoa kang ya harusi yangu, umemwaibisha ami yako, umetukana dohani ya kila mtu kutoka hapa mpaka mtoni. Sasa umekosea wewe, unasema viazi vibichi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, eh?"

"Jina langu litaingia kitabuni, Guizhi."

"Liingie mwaka gani? Hapo chini ya kabati kuna nafasi."

Guan alikula viazi vyote, vibichi na vilivyoiva.

Profesa Jiang alifika saa nne asubuhi, akasimama ukingoni, akanyoosha kidole, akauliza, akaambiwa. Sauti ya redio ikapanda.

"Mwanafunzi Ou, nyumba hii ilikuwa mikononi mwako. Miaka mia nane imekaa salama, wewe umeilinda siku mbili ukashindwa. Fungasha vitu vyako."

Wenjing akainamisha kichwa. Guan alikuwa amesimama kwenye kifusi na jembe lake.

"Profesa, huyo mwache," akasema. "Hata angetaka kuyaiba masizi asingejua pa kuanzia. Hajui kutofautisha mdomo wa jiko na tundu la panya, huyo. Nimefagia mimi."

"Wewe?" Profesa akageuka polepole. "Wewe, Fundi Guan? Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa kang nzuri na ilikuwa chafu."

"Na masizi yako wapi?"

"Yanaota kabichi."

Kibarua mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Profesa alivua kofia, akaivaa tena. Guan hakumpa nafasi ya kuanza hotuba. Aliteremka shimoni na mwiko, akaenda mpaka nje ya ukuta wa magharibi, chini ya msingi wa dohani, mahali ambapo michoro yao iliandika "udongo wa kawaida".

"Na nyie," akasema akiwa amechuchumaa, "mmechimba kang kumi na moja kwenye mji huu na hakuna hata mmoja aliyejiuliza upepo ukirudi kwenye dohani unakwenda wapi. Vipara mmepata, akili hamkupata. Binti, njoo hapa. Lete vikopo vyako."

Wenjing akaja.

"Fundi wa kweli huchimba shimo chini ya dohani. Sisi tunaliita pango la mbwa. Upepo ukishuka unazunguka humo, haurudishi moshi ndani. Na kila kinachoruka na moto huanguka humo na kukaa. Huyu mtu hakukosea kwenye kona, hawezi kuwa amesahau pango. Chimba hapa. Kiasi cha mkono mpaka kiwiko. Usiupapase!"

Alichimba. Kiwiko kilipofika, udongo ukawa mweusi. Ndani ya weusi ule mlikuwa na majivu, na mabua yaliyoungua yakabaki na umbo lake, na maganda. Wenjing alitoa moja kwa kibano, akaliweka kiganjani.

"Nini hiki, Babu?"

Guan hakuhitaji hata miwani. "Maganda ya maharage ya soya. Mke yeyote wa hapa atakwambia. Mabua ya maharage tunachoma vuli, baada tu ya kupura, maana yanashika moto haraka na huwezi kuyaweka, panya wanayapenda. Walipura, wakapika, wakaondoka. Haya, umepata shahada yako. Kwetu hayo anayajua hata mbuzi."

Wenjing hakufungasha. Profesa Jiang alipigwa picha amechuchumaa kando ya pango la mbwa, mwiko wa Guan mkononi mwake, ameushika kama kijiti cha kulia wali. Kuhusu ukurasa wa kwanza hakusema tena neno, na Guan hakuuliza. Kabichi za mwaka ule zilitoka kubwa kuliko zote za kijiji. Guizhi alizichachusha, na kipupwe kizima wakaula mji wa Wajurchen na nyama ya nguruwe. Guan alisema imezidi siki.

Kitabu kilitoka baada ya miaka miwili. Wenjing alikileta mwenyewe, katikati ya kipupwe, safari ya treni na basi na nusu saa kwa miguu kwenye theluji. Guizhi alimpandisha juu ya kang, akampa maji ya moto na mbegu za alizeti. Binti alijua sasa kukunja miguu kama sisi. Guan alivaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza. Majina kumi na tisa. Akashuka nayo kwa kidole mpaka chini, akafunua ukurasa wa pili kana kwamba hakutafuta kitu.

Kisha akaanza kazi yake.

"Dohani hii wameichora kichwa chini. Hii rafu ya kukaushia viatu, wameandika ni madhabahu. Madhabahu! Ukuta wa mashariki wameukata nusu. Nani kachora huu ukuta, mlevi?"

"Babu," Wenjing akasema, "kabla hujafika ukurasa wa mia na kumi na mbili, nataka kukwambia kitu."

Lakini alikwisha kufika. Kidole chake kilikuwa kimesimama katikati ya ukurasa. Guizhi aliona uso wake, akasogea, akasoma kwa sauti, maana huyo mwanamke hawezi kusoma kimya:

"Masizi ya mifereji yote miwili ya nyumba ya saba yalifagiwa kabla ya sampuli kuchukuliwa. Aliyefanya hivyo ni kibarua wa kijiji, Guan Shouyi. Shimo la chini ya dohani liligunduliwa baadaye na kikosi cha Profesa Jiang."

"Niliandika lote, Babu," Wenjing akasema, machozi yakimtoka. "Niliandika kwamba pango ulilionyesha wewe. Nusu hiyo wameikata. Nimegombana nao, wameikata."

Guizhi alivuta pumzi. Alikuwa na maneno ya miaka arobaini tayari mdomoni, na asubuhi ile angeyatumia yote kwa Profesa Jiang na ukoo wake. Alipomtazama mumewe akayameza.

Guan aliusoma tena mstari wenye jina lake, peke yake, midomo ikicheza. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Kitabu kizima," akasema, "mstari huu tu ndio hauna kosa."

Hakukitia chini ya kabati. Alikiweka kwenye ncha ya joto ya kang, pale anapowekwa mgeni, kisha akatoka kwenda jikoni kuongeza mabua ya maharage motoni, kwa sababu binti alikuwa anatetemeka.